Kisu Kabla ya Siku ya Nane

Kwenye orodha ya mtendaji wa kijiji, jina langu lilikuwa mstari wa chini, mahali pa mbadala. Mstari wa juu ulikuwa wa kaka yangu Stanislaus. Kiwanda ndivyo kilivyotaka: kila kijiji kitoe nyumba kumi, kila nyumba itoe mtu mmoja, na nyuma yake mbadala mmoja, ili huyu akishindwa achukuliwe yule. Nyumba moja, nafasi moja.

Stanislaus ndiye aliyenitaja. Mtendaji alipouliza mbadala ni nani, alisema, "Mwandike Irakoze. Ana kidato cha nne na hajakitumia hata siku moja."

Watu waliokuwa ofisini walicheka. Hata mimi nilicheka.

Kiwanda kile ni cha wanga wa muhogo, nje kidogo ya Kasulu. Tuliuona ukuta wake ukipanda mwaka mzima, kila tulipopita kwenda mnadani. Wenye kiwanda wakasema mashine za kusaga na kukausha zimefika, ila ya kumenya bado, kwa hiyo muhogo utamenywa kwa mikono, na wanataka watu mia moja na ishirini. Hapa kwetu Rungwe Mpya hakuna asiyejua kumenya muhogo. Kwa hiyo kila mtu aliona kazi ile ni yake.

Nyumbani tulikuwa baba, mama, Stanislaus na mkewe Winifrida na watoto wao watatu, na mimi niliyerudi kutoka ndoa ya Kibondo bila mtoto. Shamba letu ni dogo na limechoka. Stanislaus alikuwa na miaka thelathini na sita, na hakuwa amewahi kuajiriwa. Akiwa na jembe alikuwa kama wanaume wawili. Barua ya utambulisho ilipotoka aliikunja, akaiweka ndani ya Biblia ya mama. Jioni akaitoa, akaitazama, akairudisha.

Usaili ulipangwa Jumanne. Alhamisi iliyotangulia, baba alikufa.

Baba yetu, mzee Niyonzima, aliingia nchi hii mwaka sabini na mbili, mkimbizi, akiwa mtoto wa miaka tisa. Babu alikufia njiani, karibu na Nyabibuye, wakamfukia kando ya njia alfajiri, na asubuhi hiyo hiyo wakaendelea kutembea. Kesho yake bibi alipewa jembe na wenyeji ili apate chakula cha watoto, akalima. Hakukuwa na mtu wa kukaa siku za babu. Baba alikuwa akituambia habari hiyo bila kulia, kama mtu anayetaja deni. Halafu alikuwa akisema, "Mimi nikifa, kaeni siku zangu. Zote nane. Msinifanyie kama tulivyomfanyia yule."

Kukaa siku, kwetu, maana yake ni chuma kutoshikwa. Tangu maziko hadi siku ya nane, wa nyumba ile hawashiki jembe, wala panga, wala wembe, wala kisu. Majirani ndio wanaopika, ndio wanaowakatia hata kitunguu. Majembe ya nyumba hukusanywa, yakafungwa pamoja kwa kamba ya mgomba na kulazwa juu ya dari la jiko. Siku ya nane watu huoga, hunyolewa, kisha mkubwa wa ukoo hufungua majembe na kumpa kila mmoja la kwake, naye hupiga ardhi mara moja. Hapo nyumba imeganduka, yaani imetoka msibani. Vijana wengi sasa hawafuati. Wanasema wameokoka, au wana haraka. Lakini baba alituomba.

Tulimzika Ijumaa. Jumanne ya usaili ilikuwa siku ya tano.

Jumatatu jioni tulikaa sebuleni: mama, Stanislaus, mimi, na baba mdogo Manirambona, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu. Katekista naye alikuwepo, amekuja kutuombea.

"Mungu hajakataza kisu," katekista alisema.

"Mungu hajakataza," Stanislaus alijibu. "Baba ndiye aliyekataza."

Manirambona alikuna kidevu kilichoanza kuota ndevu nyeupe. "Nendeni," alisema. "Kubeba gunia si chuma. Kusukuma toroli si kushika chuma, ni kushika mpini wa mti. Wakikupa kisu, mwambie bosi kwamba una msiba, umenye Ijumaa. Nao ni watu. Nao wana baba."

"Na mimi?" niliuliza.

"Wewe ni mbadala. Kaa nyuma, ukae kimya."

 Mama Theodosia alikuwa amekaa mkekani, mikono imelala mapajani kama ya mtu mwingine. Nilijua anachofikiri, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiri hicho hicho: Ijumaa nafasi zitakuwa zimekwisha.

Tulifika Kasulu saa moja na nusu asubuhi, juu ya lori la ndizi. Getini palikuwa na watu labda mia nane. Vumbi jekundu lilikuwa limepanda hadi magotini mwa kila mtu. Wengine walikuwa wamevaa mashati ya kanisani. Kijana mmoja alikuwa na tai.

"Tai ya nini wewe, unakuja kumenya muhogo?" mwenzake alimwambia.

"Nikikosa kumenya nitakuwa meneja."

Stanislaus alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu Alhamisi.

Aliyesimamia usaili alikuwa afisa wa ajira, dada mmoja mtulivu aitwaye Kuruthumu, mtu wa pwani, mwenye ushungi wa kijani na sauti isiyopanda. Sitaki kumwandika vibaya. Alimpa maji mama mmoja aliyezidiwa na jua, na kila aliyeshindwa alimwambia pole. Pembeni yake alikuwa Moses, msimamizi wa uzalishaji, mwenye kipenga shingoni.

Kwanza walikagua vitambulisho. Halafu gunia: kilo hamsini, kulipandisha ngazi za mbao na kulishusha. Wengi waliishia hapo. Stanislaus alilibeba kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Aliposhuka, Moses alimwambia, "Kaka, wewe rudia, wenzako waone." Akarudia. Watu wakapiga makofi. Niliona Kuruthumu akiandika kitu mbele ya jina lake, akakipigia mstari chini. Mimi nililibeba kwa shida, lakini nililifikisha.

Kisha wakatuingiza kwenye banda refu lenye meza za saruji. Juu ya kila meza palikuwa na mihogo ishirini, beseni, na kisu kipya chenye mpini mwekundu. Wawakilishi na mbadala wote walipangwa pamoja, kijiji kwa kijiji. Meza yangu ilikuwa ubavuni mwa meza ya kaka yangu. Moses alieleza: dakika kumi, ganda lote la nje na la ndani litoke, muhogo usikatike, na nyama isiende na ganda. Kisha akapuliza kipenga.

Visu mia mbili vilianza kwa pamoja. Sauti yake ilikuwa kama mvua juu ya majani makavu.

Stanislaus alisimama. Mikono yake aliikunja nyuma ya mgongo.

Na mimi nilishika kisu.

Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini, na jibu ni fupi. Nilitaka kazi ile. Nimesikia wanaonitetea wakisema niliona kaka hawezi kushinda, nikaokoa nafasi ya nyumba. Hilo nililifikiria baadaye, muhogo wa tatu au wa nne. Mkono ulitangulia. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimerudishwa kutoka kwa watu, nalala chumba kimoja na watoto wa kaka, na mbele yangu palikuwa na kitu ninachokijua tangu nina miaka sita. Nilikata kichwa, nikapasua ganda kwa urefu, nikaingiza kidole gumba, likachanuka lote kama koti. Wa kwanza, wa pili.

Wa meza za nyuma walianza kumwona kaka.

"Yule vipi, kisu kinamuuma?"

"Amezoea kumenyewa na mke, muacheni."

"Bwana mkubwa, muhogo haujimenyi."

Kuruthumu alimjia. "Kaka, muda unakwenda. Kuna tatizo?"

"Dada, shikamoo," Stanislaus alisema, ingawa yeye ndiye mkubwa. "Tuna msiba. Baba yangu tumemzika Ijumaa. Nyumba haijaganduka. Siruhusiwi kushika chuma mpaka Ijumaa hii. Nipe kazi nyingine yoyote leo, hata ya magunia mpaka jioni, nami Ijumaa asubuhi nitakuja kumenya mbele yako beseni mbili."

"Pole sana," Kuruthumu alisema, na alimaanisha. "Lakini ni kisu tu, kaka. Si vita."

"Najua ni kisu tu."

"Ni dini?"

"Ni baba."

Kuruthumu aliitazama orodha yake. Nadhani alikuwa anatafuta njia ya kumsaidia. Ule mstari aliompigia kwenye gunia ulikuwepo bado. Akaona jina la chini yake. Akageuka kwangu.

"Wewe ndiye mbadala wake? Irakoze?"

"Ndiyo."

"Ni ndugu?"

"Ni kaka yangu."

"Baba mmoja?"

"Baba mmoja."

Aliutazama muhogo mweupe mkononi mwangu, akatazama kisu. "Sasa mbona wewe unamenya? Hiyo desturi ipo, au haipo?"

 Watu wawili wa kijiji chetu walikuwa wameacha kumenya wasikilize. Ningeweza kusema: ipo, mimi ndiye ninayeivunja, muulizeni yeye Ijumaa. Maneno hayo yangetosha. Kuruthumu alikuwa mtu wa kusikia. Lakini ningelazimika kuweka kisu chini ili niyaseme, na nilikuwa na mihogo kumi na mmoja tayari.

Nikasema, "Kila mtu na imani yake, dada."

Kuruthumu akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa hesabu iliyokamilika. Aliandika mbele ya jina la kaka yangu. Nilikuwa nasoma maandishi yake kichwa chini, na niliyasoma vizuri, elimu yangu hiyo ilinisaidia: *Amekataa kazi.*

Stanislaus hakuniangalia wakati huo. Aliinama, akakusanya maganda yangu yaliyoanguka sakafuni, akayaweka pembeni ya beseni ili nisiyakanyage. Kisha akatoka nje.

Nilimaliza kwa dakika nane. Moses aliinua ganda langu moja, lilikuwa jembamba hadi mwanga ukapita. "Huyu," aliwaambia wenzake, "huyu atafundisha wengine."

Tukirudi, tulikaa nyuma ya pikapu ya mkaa. Nilisubiri anitukane. Kasulu ilipotea nyuma ya migomba. Mwishowe akasema, "Ulimenya vizuri."

"Kaka, mimi..."

"Ulimenya vizuri, Irakoze. Usiongeze kitu."

Nyumbani mama aliuliza, "Ni nani?" Stanislaus akasema, "Ni huyu." Mama alinishika mikono, akaigeuza, akanusa viganja. Muhogo mbichi una harufu yake. Akaniachia. Jioni hiyo Winifrida alinipakulia chakula kilicholetwa na majirani kama kawaida, akaniita wifi kama kawaida, akasema hongera. Heri asingesema.

Ijumaa tuliganduka. Tulioga, tukanyolewa. Manirambona alipanda juu ya kinu, akashusha majembe, akaifungua kamba. La kwanza alimpa mama, akapiga ardhi. La pili Stanislaus. Kisha Winifrida. Hata watoto walipewa kajembe kamoja kwa zamu. La kwangu alilishika, akalitazama mpini, akalirudisha juu ya dari.

"Baba mdogo," nilisema, "la kwangu."

"Wewe mkono wako ulishaanza," alisema. Hakusema kwa hasira. "Hatuwezi kukufungulia ulichokwisha kujifungulia."

Jumatatu nilianza kazi.

Kazi ilikuwa kazi. Nilipewa aproni, buti za mvua na kofia ya nywele. Nilipanga chumba Kasulu, nikawa narudi nyumbani Jumapili na sukari na sabuni. Baada ya miezi miwili Moses alinifanya kiongozi wa meza sita. Walipokuja wapya, mimi ndiye niliyewaonyesha jinsi ya kuingiza kidole gumba.

Mwezi wa kumi na mbili kiwanda kilitangaza nafasi nyingine arobaini. Stanislaus alikwenda kwa mtendaji na barua yake ile ile, imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

"Nyumba yenu imeshapata, Stanislaus," mtendaji alimwambia. "Kuna nyumba hazijapata hata mmoja. Watanipiga mawe."

Nilikwenda mwenyewe kwa Kuruthumu. Alifungua faili, akanionyesha. "Hata bila kanuni ya nyumba, dada, tazama. Hapa imeandikwa alikataa kazi. Wakuu wangu wakisoma hivi, mimi nitasema nini?"

Nilitazama maneno yale mawili. Ilikuwa nafasi yangu ya pili ya kusema. Nilisema asante, nikarudi mezani.

Januari Stanislaus alikwenda Kibondo kuchimba visima. Kuna mafundi pale wanaochimbia watu binafsi, kwa sururu na chepe, mtu mmoja chini na wawili juu na kamba. Alinitumia sauti kwenye simu, akicheka: "Irakoze, huku chini ni baridi, hata wewe na mihogo yako hamnifikii." Nyuma yake ilisikika sauti ya mtu akimwita, "Ndugu, ndoo inashuka." Sauti hiyo bado ninayo. Sijaifuta, wala siisikilizi.

Mwezi wa tatu mvua zilinyesha siku tano mfululizo. Jumatatu, mita kumi na moja chini, ukuta wa kisima ulimwangukia. Ilichukua saa saba kumtoa.

Niliomba ruhusa. Kuruthumu alisimama kutoka kitini kwake, akanikumbatia. Akanijazia fomu mwenyewe. "Sheria inatoa siku nne," alisema. "Nimekupa zote nne, kuanzia kesho." Jumanne na Jumatano zilikwisha Kibondo, tukisubiri hospitali ituruhusu kumchukua. Tulimleta Rungwe Mpya Alhamisi, tukamzika jioni, pembeni ya baba. Ijumaa nililala mkekani na Winifrida. Majembe yalikuwa juu ya dari. Jumamosi asubuhi, siku ya tatu ya kaka yangu, nilitakiwa kazini.

Mama aliniuliza, "Utashika?"

"Sitashika, mama. Nitaomba wanipe kufagia."

Nilifika mapema, kabla ya kipenga. Nilimkuta Kuruthumu ofisini anakunywa chai ya tangawizi. Nilisimama mbele ya meza yake, na njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno, lakini yaliyotoka hayakuwa niliyoyapanga. Yalitoka ya kaka yangu, kwa mpangilio ule ule.

"Dada, tuna msiba. Nyumba haijaganduka. Siruhusiwi kushika chuma mpaka Alhamisi. Nipe kazi nyingine yoyote, hata kubeba magunia, na Alhamisi..."

Aliweka kikombe chini. Alinitazama kwa muda. Niliona jinsi anavyokumbuka, hatua kwa hatua: banda, kisu, meza mbili zilizokuwa zimeshikana.

"Irakoze," alisema, kwa upole kabisa, "si wewe uliyeniambia kila mtu na imani yake? Nilikuuliza. Nilikuuliza mbele ya watu, baba mmoja au si mmoja."

"Uliniuliza, dada."

"Kwa hiyo ilikuwepo."

"Ilikuwepo."

 Nje Moses alikuwa anahesabu watu wa zamu. Kuruthumu alifumba macho kidogo, akafumbua. Sidhani alikuwa ananiadhibu. Alionekana amechoka, kama mtu aliyetwishwa mzigo ambao si wake.

"Wa kufagia ni wa kampuni nyingine, siwezi kukuweka huko," alisema. "Na yule nilimnyima. Nikikupa wewe leo, nitakuwa nimemfanyia nini yeye? Rudi mezani, dada. Au rudi nyumbani, nikuandike kama nilivyomwandika."

Nyumbani kulikuwa na wajane wawili na watoto watatu, na nafasi moja.

Moses aliniletea beseni. Kipenga kikalia. Nikashika kisu.

Alhamisi nilikuwa zamu. Waliganduka bila mimi. Jumapili nilipofika, majembe yote yalikuwa yamesimamishwa ukutani, yamekwisha kulima, yana udongo mbichi. La Stanislaus alipewa mwanawe wa kwanza, mpini umepunguzwa ili umtoshe. Niliingia jikoni, nikapanda juu ya kinu, nikatazama darini. Langu lilikuwepo pale pale alipoliweka Manirambona mwaka jana, limefunikwa na masizi, na buibui ametanda toka mpini hadi paa.

Mama aliingia, akanikuta nimesimama juu ya kinu.

"Shuka," alisema. "Utaanguka. Njoo unimenyee huu muhogo, wewe ndiye unayejua."